Mikono Ilitetemeka, Tumbo Likatulia

Salfa imeanza Kitomanga, nami nimefukuzwa nyumbani. Nimefukuzwa kwa heshima zote. Mume wangu Issa amenibebea begi mpaka kituoni, mama mkwe amenifungia mkate wa kumimina kwenye kitambaa, na wifi yangu Sharifa ameniambia nisionekane pale mpaka mikorosho yote imalize kupuliziwa dawa. Kwa hiyo naandika haya nikiwa Mchinga, kwa dada yangu, upepo wa pwani ukiingia mlango wa mbele na kutokea wa uani. Sikumbuki kama niliwahi kufukuzwa mahali nikafurahi hivi.

Naandika kwa ajili ya mwanamke mmoja. Simjui jina wala kijiji. Najua tu kwamba ana pumu kama mimi, ana mimba changa, na kuna mtu anayempenda amemwambia aache dawa yake ya kuvuta, kwa sababu dawa inayotetemesha mikono lazima itatetemesha na tumbo. Msimu wa salfa uliopita mwanamke huyo alikuwa mimi. Sitakufundisha udaktari. Niliishia kidato cha nne, na baiolojia walinipa alama za kunionea huruma. Nitakusimulia yaliyonipata, na wewe utachukua la kwako.

Jina langu Somoe. Nimezaliwa Kilwa Kivinje, na tangu nipate miguu ya kutembea sijakaa mahali pamoja. Nimeuza mitumba Kilwa Masoko, nimekaanga samaki Sudi, nimeuza kanga Lindi mjini, nimelala kwenye vyumba vya kupanga ambavyo wenye nyumba siwakumbuki ila harufu ya kila chumba naikumbuka. Nikiwa Sudi niliota Kivinje, nikiwa Lindi niliota Sudi. Kila nikihama, nilipotoka panakuwa pazuri kuliko palivyokuwa. Issa aliponioa nilikuwa na umri ambao wenzangu wanaoza watoto wao, na Sharifa aliwaambia majirani kwamba kaka yake ameoa kiguu na njia, wasijisumbue kuvizoea vyombo vyangu kwa sababu nitaondoka navyo. Aliyasema mbele yangu, anacheka, nami nikacheka. Ndivyo tulivyoanza kupendana.

Pumu nimekua nayo. Marehemu mama alikuwa akinikalisha dirishani Kivinje, mgongo wangu kifuani kwake, tukisubiri pumzi irudi. Ukubwani nikapata inhela, kile kichupa cha kubonyeza na kuvuta, kikawa kinakaa kwenye pochi pamoja na simu na funguo. Anayekitumia anakijua. Unavuta, kifua kinafunguka, halafu moyo unaanza kwenda mbio na vidole vinatetemeka kama umekutana ghafla na mtu unayempenda. Vinatetemeka kwa muda, vinapoa, unaendelea na shughuli zako.

Kabla ya mimba ninayoisimulia nilipoteza mbili. Ya kwanza iliharibika Sudi, kabla ya ndoa hii, nikiwa peke yangu chumbani na mlango umefungwa. Ya pili iliharibika kule Kitomanga, mikononi mwa mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa. Siku hiyo nilibanwa sana, nikavuta dawa mara nyingi kuliko kawaida, na yeye ndiye aliyeshika mikono yangu ikiwa inarukaruka kama kuku aliyechinjwa. Kesho yake mimba ikatoka. Bi Mwanahawa hakuhitaji kuuliza mtu. Alikuwa ameshika kwa mikono yake mtetemeko ule, na alikuwa ameona kwa macho yake kilichofuata.

Sasa fikiria nilipokosa siku zangu mara ya tatu, mvua za masika zikielekea kwisha. Nilikwenda Lindi nikanunua kipimo cha mkojo, nikapimia chooni kwa rafiki yangu, mistari miwili ikajitokeza kabla sijamaliza kuhema. Nilirudi Kitomanga siku hiyohiyo. Issa nilimvuta nyuma ya nyumba, nikamwambia. Akaenda kuwalisha kuku ambao nilikuwa nimeshawalisha, akarudi akaniangalia, kisha akaenda akawalisha tena. Jioni kuku walikuwa hawataki hata kusogea.

Kwetu mimba ikiwa changa haitajwi. Si kwa jirani, si kwa shoga. Hata ndani ya nyumba watu huizunguka kwa maneno, wanasema "yale mambo" au "mgeni," mpaka tumbo lenyewe lijitangaze. Kwa hiyo tulijua watu wanne tu: mimi, Issa, Bi Mwanahawa na Sharifa. Nakwambia ukweli, niliipenda ile siri. Nilikuwa natembea nayo sokoni kama mtoto aliyepewa nguo ya sikukuu na kukatazwa kuivaa. Matiti yaliuma, mate yalijaa mdomoni, harufu ya kitunguu ikawa adui, na udongo wa ukuta baada ya mvua ukanukia kama chakula. Kila badiliko nililisherehekea kimoyomoyo. Nilijitapikia nyuma ya banda la kuku nikiwa natabasamu.

Ndipo Bi Mwanahawa alipoketi kando yangu jikoni akanyoosha kiganja.

"Mwanangu, safari hii tusicheze. Nipe kile kidude."

"Mama, nikibanwa je?"

"Ukibanwa uniite. Mimi nipo hapa, siendi popote."

Sikunyang'anywa. Hilo nataka lieleweke, maana ukisikia habari za mama mkwe unaweza kudhani vita. Nilimpa mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu na mimi niliamini alichoamini. Aliichukua inhela, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, fundo juu ya fundo, kama wanawake wa kwetu wanavyofunga pesa ya kitoweo. Tangu hapo, popote alipokuwa, dawa ilikuwepo, inaning'inia ubavuni mwake.

Issa alipojua hakupendezwa. Lakini yule ni mama yake, na yeye si mtu wa kumjibu mama yake. Akaanza mtindo wa kupita mlangoni kila mara na kuuliza, "Kifua kikoje?" Kabla sijafungua mdomo, Bi Mwanahawa hujibu kutoka jikoni, "Kizuri." Basi huyo anauliza, huyu anajibu, na mimi mwenye kifua nimekaa katikati kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Sharifa ndiye aliyethubutu kusema kwamba nyumba hii sasa ina wagonjwa wa kifua watatu, maana wote watatu tumeshikilia pumzi.

Wiki zikapita. Kikohozi kikaanza, kile kikavu cha alfajiri. Nilikwenda zahanati kwa miguu, nikakaa kwenye benchi, na benchi lile lilikuwa limejaa watu ninaowajua: aliyeleta mtoto mwenye homa, aliyekuja kufunga kidonda, na mama mmoja wa mtaa wetu ambaye masikio yake yanafika nyumba ya pili. Mlango wa chumba cha daktari ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Nilipoingia, daktari akanisikiliza kifua, akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu kama nina ujauzito.

Benchi likanyamaza. Hata mtoto mwenye homa alinyamaza.

Nikasema, "Sina."

Nisingeweza kusema vingine. Mimba changa haitajwi, na pale ilikuwa sawa na kuitaja msikitini kwa kipaza sauti. Kwa hiyo daktari alinitibu kama mtu asiye na mimba, akanipa vidonge vya salbutamol, ndugu wa ile dawa ya kuvuta, akaniambia nirudi baada ya siku kadhaa. Hakukosea kitu. Alitibu alichoambiwa.

Vidonge vile vinatetemesha kuliko inhela. Mchana ule nilimimina chai, nusu ikaingia kikombeni na nusu ikaingia kwenye mkeka. Bi Mwanahawa akautazama mkeka, akanitazama mimi, akanyoosha kiganja. Vidonge navyo vikaingia kwenye pindo. Sharifa akasema mama sasa akifungua pindo lake pale sokoni, bwana afya atamdai leseni ya duka la dawa. Hata Bi Mwanahawa alicheka. Nami nilicheka, nikakohoa, na kikohozi hakikutaka kuisha.

Halafu ikaja salfa.

Kwa asiyejua: mikorosho ikianza kuchanua, hupuliziwa unga wa salfa ili maua yasiungue kwa ugonjwa. Watu huvaa makoti na vitambaa usoni, mashine inaunguruma, na vumbi la njano linapanda juu ya miti na kushuka polepole kama ukungu. Kwa mkulima ni harufu ya matumaini. Kwangu ilikuwa kama mtu ameweka goti kifuani. Issa alianzia kupulizia upande wa mbali wa shamba makusudi ili inipite. Lakini jirani zetu nao wana mikorosho, na upepo hauulizi mwenye nyumba.

Asubuhi ile nilikuwa nafagia uani. Niliona ukungu wa njano unapita juu ya paa, mzuri kabisa kwa kuutazama, jua likiupiga ubavuni. Nikavuta pumzi moja, ya pili ikagoma. Niliangusha ufagio, nikashika ukuta. Nilitaka kumwita Bi Mwanahawa kama tulivyokubaliana, lakini kuita nako kunataka pumzi. Nikapiga ndoo teke.

Alitoka mbio. Aliponiona midomo imegeuka rangi, mikono yake ikaenda moja kwa moja kwenye pindo la kanga, na hapo akakwama. Mafundo aliyoyafunga kwa imani hayakufunguka. Akavuta, akavuta, akainamisha kichwa akalifungua fundo kwa meno. Akaniwekea inhela mdomoni yeye mwenyewe na kubonyeza. Sijui alikuwa anafikiri nini wakati ule. Najua uso wake ulikuwa wa mtu anayechagua kati ya wawili na hataki kuchagua.

Dawa iliingia kidogo, haikutosha. Nilivuta tena, kifua kikafunguka kama mlango wenye kutu, kisha kikajifunga. Na niliposogea ili nikae, Sharifa, aliyekuwa ametoka nyuma ya mama yake, akaiona kanga yangu nyuma. Kulikuwa na doa la damu. Dogo, lakini wote watatu tuliliona, na hakuna aliyelitaja.

Sharifa alimleta Bakari, jirani yetu mwenye bodaboda. Tukapanda mshikaki: Bakari mbele, mimi katikati, Bi Mwanahawa nyuma amenikumbatia kiunoni, mikono yote miwili juu ya tumbo langu kama anayezuia kitu kisidondoke. Njia nzima alikuwa anasoma dua kwenye sikio langu, na kila tukipita shimo dua inakatika, anamwambia Bakari, "Taratibu, baba," halafu anaanza upya.

Kituo cha afya kilikuwa na benchi refu kuliko la zahanati, na lilijaa. Watu waligeuka. Muuguzi alitoka mlangoni akauliza mgonjwa ana nini. Mimi siwezi kusema. Nikamwona Bi Mwanahawa amesimama katikati ya ule ukumbi, kanga imemwanguka begani, mwanamke ambaye hakuwahi kutaja mimba changa ya mtu yeyote, hata zake mwenyewe alizozaa.

"Mkwe wangu ana mimba," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka dirisha la dawa. "Mimba ya miezi mitatu. Na pumzi hana. Na ameona damu. Na dawa yake nilimficha mimi."

Ukumbi mzima ulisikia. Nikikumbuka siku ile, kabla ya mengine yote nakumbuka sauti hiyo. Kwa maneno yale machache daktari alipata kila alichokihitaji, kile ambacho mimi nilikificha kwa neno moja pale zahanati.

Waliniwekea barakoa yenye mashine ya mvuke. Mashine inanguruma, mvuke unaingia, unanukia kama chuma. Pumzi ikaanza kurudi, nyembamba kama uzi, kisha nene. Na mtetemeko ukaanza. Mikono, mabega, mpaka meno yakawa yanagongana. Moyo ulikuwa unapiga mpaka nikauona kwenye kitambaa cha gauni. Bi Mwanahawa aliinuka, mkono wake ukaja kwenye barakoa.

"Iondoeni," alimwambia daktari. "Inamtikisa. Mimba ya pili ilitoka hivihivi."

Daktari alikuwa kijana, wa kuweza kuwa mjukuu wake. Hakumgombeza. Alimwamkia kwanza, "Shikamoo mama," akasubiri mpaka aitikie marahaba, kisha akamshika ule mkono aliotaka kuondoa barakoa akauweka chini ya kitovu changu.

"Mimba bado changa, mama, yenyewe hutaisikia. Lakini tumbo likijikaza utasikia. Umezaa, unajua linavyojikaza. Sikiliza kwa mkono."

Akasikiliza. Mikono yangu ilikuwa inarukaruka kwenye shuka, miguu nayo, na katikati ya yote hayo mkono wa Bi Mwanahawa umetulia. Nilikuwa namtazama usoni. Alibonyeza kidogo, akahama upande, akabonyeza tena.

"Pamelala," alisema.

"Pamelala," daktari akarudia. "Dawa hii kazi yake ni kulegeza. Inalegeza njia za hewa zilizojibana. Na msuli wa mfuko wa uzazi nao, dawa hii ikiufikia, unalegea, haujikazi. Kinachotetemeka ni mikono, na moyo unakimbia. Vitapoa. Mtoto aliye tumboni naye anataka hewa, na hewa yake anaipata kwa huyu."

Mimi huku nyuma ya barakoa furaha ilikuwa imeshanipanda kichwani. Nikaisogeza pembeni nikamuuliza, kama dawa inaulaza mfuko wa uzazi, si anipe nyingi, niinywe kila siku, mimba isitoke tena. Alicheka kidogo. Akasema anatamani ingekuwa rahisi hivyo. Mimba ikiwa changa kiasi hiki, dawa hii anaitoa kwa ajili ya kifua, na hana ushahidi kwamba inaizuia mimba isitoke. Wala zile mbili hawezi kusema kwa nini zilitoka, ila haamini kwamba dawa ndiyo iliyozitoa. Na hili doa la damu je? Hajui. Mashine ya kutazama ndani ya tumbo iko Lindi, niende kesho yake asubuhi.

Nilipogeuza kichwa nikamwona Issa dirishani. Alikuwa amekimbia kutoka shambani, wa njano mpaka kwenye nyusi, na muuguzi alikuwa amemkataza kuingia kwa sababu ya salfa aliyojaa. Alivua shati akalitupa mbali, akasimama nje kifua wazi, ameshika nondo za dirisha. Akauliza, "Kifua kikoje?"

Bi Mwanahawa akafungua mdomo, akaufunga. Akaniachia nijibu.

"Kizuri," nikasema. Safari hiyo ilikuwa kweli.

Kesho yake tulikuwa Lindi, mimi na Bi Mwanahawa, kwenye benchi la utrasaundi. Huko unaambiwa unywe maji mpaka kibofu kijae, halafu unasubiri. Unasubiri na maji yako. Mbele yangu walikaa wasichana wadogo wenye matumbo makubwa, wanachezea simu, na muuguzi alipopita aliniamkia kwa adabu akaniuliza nimemsindikiza binti yupi. Nikamwambia nimejisindikiza mwenyewe. Msichana mmoja akacheka mpaka akamshika mwenzake. "Samahani mama," aliniambia, "usinichekeshe, nitamwaga maji hapa." Baada ya hapo benchi zima likawa rafiki. Kuna aliyenipa nafasi karibu na feni, kuna aliyempa Bi Mwanahawa chungwa. Nataka uzijue huruma hizi ndogo za kwenye mabenchi, maana zitakufikia na wewe, na hazitangulizi taarifa.

Lakini chini ya mzaha nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimevuta dawa asubuhi kama nilivyoelekezwa, moyo unakimbia, na sikujua zipi ni mbio za dawa na zipi ni za hofu. Nilitamani kuondoka. Miguu yangu ilikuwa inajua njia zote za kutoka Lindi: ya Sudi, ya Kilwa, ya nyumbani Kivinje. Maisha yangu yote jambo likiwa zito nimehama. Safari hiyo hapakuwa na pa kuhamia, maana jambo lenyewe nilikuwa nimelibeba. Bi Mwanahawa alikuwa amenishika mkono unaotetemeka, na hakuuachia hata alipokuwa anakula chungwa.

Tuliingia. Mtaalamu alinipaka ule utelezi wa baridi, akawa anasogeza kile kifaa, anatazama kioo chake, haongei. Kimya kile nakijua. Mimba ya pili ilipotoka, aliyenipima alikuwa na kimya kama hicho. Halafu akakigeuza kioo upande wetu. Katikati ya kiza kulikuwa na kitu kama punje ya korosho, na ndani ya ile punje kitu kinametameta, kinawaka na kuzima, kwa haraka ajabu. Akabonyeza mahali, sauti ikajaa chumba.

Ilikuwa mbio. Mbio kuliko moyo wangu. Bi Mwanahawa alishtuka.

"Na yeye amevuta dawa?"

Mtaalamu alicheka mpaka akaweka kifaa chini. Akasema hapana mama, ndiyo mwendo wao wakiwa wadogo, wote hukimbia hivi. Damu ilikuwa kidogo na ilikuwa imekoma. Kilichokuwa ndani kilikuwa kizima.

Nilicheka, nikalia, na kibofu kikanikumbusha kwamba bado kimejaa. Nilikimbilia chooni huku nacheka ukumbini, wale wasichana wa benchi wakapiga vigelegele bila kuuliza, wamenisoma usoni. Hapo siri yetu ilikwisha kabisa, na sikuikumbuka tena.

Tangu siku hiyo niliishi kwa dawa na misimu. Nilipewa inhela ya pili, ya kuvuta asubuhi na jioni ili kifua kisichafuke, na ile ya zamani ya kuokoa nikibanwa. Daktari aliniagiza nihame Kitomanga mpaka salfa iishe, na hii ndiyo mara ya kwanza kiguu na njia kuandikiwa safari hospitali. Nilikaa Mchinga kwa dada mpaka maua ya mikorosho yakawa vikorosho vya kijani. Nilirudi tumbo limeshajitangaza lenyewe. Mabibo ya mikorosho yakaiva, nikayala mpaka mdomo ukakauka. Mtoto akaanza kucheza wakati wa minada ya korosho, Issa akitoka ghalani anaweka sikio tumboni kabla hata hajanawa. Kliniki nilikwenda kila nilipotakiwa, na kila nikiulizwa swali nililijibu kwa sauti, hata mlango ukiwa wazi. Miguu ilivimba, usiku nililala nimeketi, nililikumbuka jua la Kivinje hadi nikalia bila sababu. Kifua kilinibana mara mbili tatu. Nikavuta, nikatetemeka, Bi Mwanahawa akaweka mkono wake palepale chini ya kitovu, akasikiliza, akasema neno lake lilelile, akarudi kwenye mboga zake.

Alizaliwa mvua zimepamba moto, msichana, analalamika toka mlangoni. Sharifa alitaka tumwite Salfa, Bi Mwanahawa akampiga kwa kanga. Tumemwita Tatu. Watu wakiuliza wa kwanza na wa pili wako wapi, Bi Mwanahawa hujibu kwamba walitangulia, na hasemi zaidi, na hawaulizi zaidi.

Basi, dada yangu uliye kwenye benchi mahali fulani: ukiulizwa, sema. Dawa yako ya kifua usiiache kimyakimya. Na kama yupo anayeishikilia kwa kukupenda, usigombane naye. Nenda naye kwa daktari, aweke mkono wake asikilize.

Leo asubuhi upepo uligeuka ukaja kutoka bara, nikahisi ile harufu hata huku Mchinga. Nilivuta dawa. Nikiwa bado nahesabu pumzi, simu ikalia. Bi Mwanahawa hupiga kila asubuhi, na salamu zake ni fupi.

"Umevuta?"

"Nimevuta, mama."

"Mikono?"

Niliitazama. "Inatetemeka."

"Na huyo anafanya nini?"

Alikuwa macho, analia kidogo kidogo, hajui anataka nini. Nikamwambia.

"Basi mchukue," alisema Bi Mwanahawa. "Mchukue sasa hivi, kabla haijapoa. Ndivyo anavyopenda."

Nikamchukua. Mikono yangu ikamtikisa, polepole, yenyewe, bila mimi kufanya lolote, na Tatu akanyamaza, akalala.